Kuku wa Binti na Kivuli cha Kapteni: Umoja katika Mchoro wa Rembrandt

Mwalimu wetu wa historia alituuliza: mchoraji afanye nini ili watu wengi waonekane kuwa kundi moja, si watu waliopangwa mstari tu? Mimi nilichagua mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1642 uitwao Zamu ya Usiku. Jina hilo si lake. Lilikuja zaidi ya miaka mia baadaye, vanishi ilipokuwa imekwisha kuutia giza mchoro. Tukio lenyewe ni la mchana.

Wanaoonekana ni mgambo wa mji wa Amsterdam, wa chama cha wenye bunduki kilichoitwa Kloveniers. Vyama kama hivyo vilikuwa na kazi ya kulinda mji, na Uholanzi ilikuwa vitani na Hispania tangu 1568. Lakini kufikia 1642 hatari ilikuwa mbali na Amsterdam, na wengi wa wanamgambo hawa walikuwa watu wenye mali waliopenda karamu na heshima. Walitaka picha ya kutundika katika ukumbi wao.

Walichanga fedha. Shahidi mmoja alieleza baadaye kwamba kila mtu alilipa kama guilder 100, wengine zaidi, wengine pungufu, kulingana na nafasi yake mchoroni. Hapo ndipo mambo yanaponivutia. Wachoraji wengi wa wakati ule wangewapanga safu, kila aliyelipa aonekane uso. Rembrandt alichora dakika ya kuondoka. Kapteni Frans Banninck Cocq, mwenye nguo nyeusi na mshipi mwekundu, ananyosha mkono na kumwambia jambo luteni wake, Willem van Ruytenburch. Nyuma yao bendera inainuliwa, mbwa anabweka, mmoja anashindilia baruti, mwingine anafyatua, wa tatu anapuliza mabaki ya baruti. Hizo ni hatua tatu za kutumia bunduki, zimegawiwa watu watatu. Kwa maoni yangu umoja wao umo humo: kila mtu ana lake, na kazi ni moja.

Mkono wa kapteni unatupa kivuli kwenye koti la luteni, karibu na pindo lililotariziwa simba na misalaba mitatu ya nembo ya Amsterdam. Kivuli kinaonekana kama kinaishika nembo ile. Sidhani kama ni bahati tu.

Katikati ya giza la wanaume yumo binti mdogo aliyevaa nguo ya rangi ya dhahabu, naye anang'aa kama taa. Kiunoni amening'iniza kuku, miguu juu. Nilicheka nilipomwona, nikidhani anatoka sokoni. Kumbe nembo ya Kloveniers ilikuwa ukucha, kwa sababu neno la Kiholanzi la ukucha linakaribiana kwa sauti na jina la chama. Kwa hiyo anayebeba alama ya kundi si mwanachama. Hakulipa, na hakuna aliyemwandika jina. Majina 18 yaliongezwa baadaye kwenye ngao iliyochorwa ukutani, na la binti halimo. Mpiga ngoma naye alikuwa mtu wa kukodiwa. Wenye fedha walinunua nafasi, lakini kwangu mimi mchoro ukiondolewa binti huyu unabaki msongamano wa kofia na mikuki.

Waliolipa nao hawakupata wote walichotaka. Kuna nyuso zilizokatwa na mkono wa jirani. Sisi tulipopigwa picha ya darasa, aliyefunikwa alidai fedha zake.

Mwaka 1715 mchoro ulihamishiwa katika jumba la mji. Ukuta haukutosha, basi ukakatwa pande zote nne, hasa kushoto, na wanaume wawili wakapotea. Tunajua walivyokuwa kwa sababu Gerrit Lundens alikuwa amechora nakala ndogo kabla ya hapo. Mwaka 2021 jumba la makumbusho la Rijksmuseum liliunganisha kwa muda vipande vilivyotengenezwa kwa kompyuta kutokana na nakala hiyo. Kapteni na luteni, ambao sasa wako karibu na katikati, walisogea kulia, na mbele ya kikosi ikaonekana tena nafasi tupu ya kupita.