Bei ya PlayStation: Ni Nani Hasa Aliyelipa?



Ndugu wasomaji wetu, vijana wetu kadhaa wa hapa Ruharo pamoja na wenzao wa Nakivale wana mpango wa kufungua kibanda cha gemu. Wamechanga kwa miezi mingi, elfu mbili leo, elfu tano kesho, na sasa wamefika mahali pa kubishana. Wapo wanaotaka mashine mpya kabisa, wakisema mteja hufuata kipya. Wengine wanasema bei ile ni wizi mtupu, kwamba hakuna kitu cha kuchezea kinachostahili fedha nyingi namna hiyo. Wazazi nao wametuuliza: bei kubwa ya siku za kwanza ina haki yoyote, au ni kunyonywa tu?

Tumeona tusilijibu swali hili kwa mkato. Lina historia yake, na historia hiyo inapita karibu na sisi kuliko wengi wetu wanavyodhani.

Tuanze na bei iliyozua kelele kuliko zote. Mwezi Mei 2006 kampuni ya Sony ya Japani ilitangaza kuwa PlayStation 3 itauzwa Marekani kwa dola 499, na ile yenye nafasi kubwa zaidi ya kuhifadhi kwa dola 599. Watu walishika vichwa. Mwaka mmoja kabla, Microsoft walikuwa wameitoa Xbox 360 kwa dola 299 na 399. Nintendo nao waliitoa Wii mwezi ule ule wa Novemba 2006 iliyotoka PlayStation 3, kwa dola 250 tu. Wakati huo dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,800 za Uganda, kwa hiyo dola 599 ilikuwa zaidi ya milioni moja. Na hiyo ni bei ya dukani Marekani, kabla ya meli, bandari ya Mombasa, lori, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, na faida ya kila mkono uliopokea mzigo njiani. Hapa Mbarara, mwenye milioni moja mkononi mwaka ule angetazama ng'ombe kwanza.

Maneno ya wakubwa wa kampuni yalizidi kuwakera watu. Ken Kutaragi, mhandisi anayeitwa baba wa PlayStation, alikuwa amesema mwaka 2005 kwamba anataka mnunuzi aitazame mashine hiyo na kujiambia atafanya kazi saa nyingi zaidi ili aipate. Mtu anayelima shamba la kukodi akisikia maneno kama hayo hucheka, au hukasirika.

Lakini tusihukumu kwa hasira. Mashine ilipotoka, kampuni ya uchunguzi iitwayo iSuppli iliifungua na kukadiria bei ya kila kipuri kilichokuwa ndani. Walikuta kwamba ile ya dola 599 iligharimu takriban dola 840 kuitengeneza. Kifaa cha kusomea diski za Blu-ray peke yake walikikadiria dola 125. Yaani kila mashine iliyotoka dukani ilikwenda na hasara ya dola 240 hivi. Na hasara hiyo haikuwa ya kubuni: katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2007, kitengo cha gemu cha Sony kilipoteza zaidi ya yen bilioni 232.

Kwa nini mfanyabiashara auze kwa hasara? Ni kama mtu anayekuuzia taa kwa bei ya bure, kisha mafuta ukayanunue kwake siku zote. Kila gemu halali inayouzwa kwa ajili ya PlayStation, aliyeitengeneza huilipa Sony sehemu yake. Mashine ni taa, gemu ndiyo mafuta. Asiyejua hesabu hii hataelewa kwa nini bei hizi ziko jinsi zilivyo.

Yupo aliyejaribu njia nyingine. Mwaka 1993 kampuni ya 3DO ya Marekani ilibuni mashine nzuri ajabu kwa wakati wake, lakini haikuitengeneza yenyewe. Iliwapa wengine ruhusa, Panasonic wakiwa wa kwanza. Fedha za gemu zilikwenda kwa 3DO, kwa hiyo Panasonic alilazimika kupata faida yake kwenye mashine yenyewe. Bei ikawa dola 700. Wanunuzi hawakuja kwa wingi uliotarajiwa, na kufikia mwaka 1996 biashara hiyo ilikuwa imekwisha. Bei ile ilikuwa ya kweli kabisa, kila mmoja alitaka chake, na bado haikumsaidia mtu.

Je, basi Sony walikuwa na haki? Hapa ndipo sisi tunapotofautiana na wanaowatetea. Kwamba kitu kimegharimu sana si hoja ya kutosha. Tuulize pia nani aliagiza gharama hiyo. Kifaa kile cha Blu-ray hakikuwekwa kwa sababu watoto walikililia. Sony walikuwa katika vita na Toshiba juu ya diski ipi itatawala filamu za dunia, Blu-ray au HD DVD, na PlayStation 3 ilifanywa mpagazi wa kuingiza Blu-ray katika kila nyumba. Vita vile Sony walishinda, Toshiba wakajitoa Februari 2008. Mzazi aliyetaka mwanawe acheze mpira wa kwenye skrini alichangia vita ambavyo havikumhusu. Gharama ilikuwa ya kweli, lakini aliyeiagiza siye aliyeombwa kuilipa.

Na wanunuzi walijibu kwa miguu. Wii ya dola 250 iliuzwa zaidi ya milioni 100 katika maisha yake. PlayStation 3 haikufika milioni 90, tena baada ya bei kushushwa mara kadhaa: dola 399 mwishoni mwa 2007 kwa toleo lililopunguzwa vitu, kisha dola 299 mwaka 2009. Aliyekuwa na subira ya miaka mitatu alilipa nusu.

Huku kwetu subira haikuwa ya hiari. Vibanda vya gemu vya Afrika Mashariki, kuanzia Mombasa mpaka Bukavu, havikuishi kwa PlayStation 3. Viliishi kwa PlayStation 2, iliyotoka Japani Machi 2000 na Marekani Oktoba mwaka huo kwa dola 299. Mwaka 2002 ikawa dola 199, mwaka 2004 dola 149, na mwaka 2009 dola 99. Haikuacha kutengenezwa mpaka kuingia mwaka 2013. Zilitufikia nyingi zikiwa zimetumika, zimefungwa chipu ili zisome diski za kunakili, na Winning Eleven ikachezwa mpaka pedi zikaisha mpira. Mtoto alilipa shilingi mia chache kwa mechi, wengine kumi wakimtazama bure juu ya bega lake. Kwa hesabu hiyo kibanda kimoja kiligawa bei ya mashine kwa mtaa mzima, na taa ikawaka kwa mafuta ambayo Sony hawakuyauza. (Suala la diski za kunakili lina hukumu yake na hatulipiti kimya kwa kulipenda. Tutalirudia katika toleo lingine inshaallah.)

Sasa, ndugu wasomaji, tuurudie mwaka ule ule wa 2000, kwani PlayStation 2 ilipokuwa inapangiwa foleni Marekani kulikuwa na foleni nyingine Kivu.

Ndani ya mashine hizi, na ndani ya kila simu na kompyuta, mna vipuri vidogo kama punje ya mchele vinavyotunza umeme kwa kitambo na kuutoa sawasawa. Vingi vya ubora hutengenezwa kwa madini ya tantali, nayo hutoka katika mchanga mweusi ambao watu wa Kivu huuita koltani. Mwaka 2000 viwanda vya dunia viliogopa kwamba madini hayo hayatatosha, vikaagiza kupita mahitaji, na bei ikapanda karibu mara kumi kabla ya mwaka kwisha. Wapo walioviita vita vya Kongo vita vya PlayStation. Sisi tunaona jina hilo limetiwa chumvi. Simu na kompyuta zilikuwa na njaa kubwa zaidi ya madini hayo, Australia ilichimba tantali nyingi kuliko Kongo, na vita vya Kongo vilianza kabla mashine ile haijatoka. Lakini kwamba mashine ile ilikuwa mmoja wa waliokaa mezani, hilo halikanushiki.

Wazee wetu walioko Nakivale waliotoka Masisi na Kalehe wanaukumbuka mwaka ule. Vijana waliacha shule, wenye mashamba waliacha majembe ya kulimia wakachukua ya kuchimbia, na bei ya chakula ikapanda machimboni. Katika hifadhi ya Kahuzi-Biega tembo na sokwe waliuawa kwa ajili ya nyama ya wachimbaji. Mwezi Novemba 2000 kundi la RCD-Goma lililoshika eneo hilo lilitoa ukiritimba wa kununua koltani kwa kampuni moja iliyoitwa SOMIGL, na kutoza dola 10 kwa kila kilo ili kugharimia vita. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 ilikadiria kuwa jeshi la Rwanda lilipata angalau dola milioni 250 kwa koltani katika miezi 18. Ripoti hiyo haikuisaza Uganda pia. Na mwezi Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile, madini yakiwa sehemu ya hesabu.

Kisha katika mwaka 2001 bei ya koltani ilianguka. Wanunuzi wa mbali walikuwa wamejaza maghala. Aliyeacha shule hakurudishiwa shule, na bunduki zilizonunuliwa hazikurudishwa dukani.

Tazama basi bei mbili za mwaka mmoja. Ile ya dola 299 ilishuka taratibu, ikatangazwa, ikajadiliwa, mnunuzi akaulizwa maoni. Ile ya mchanga ilipanda na kuanguka kwa miezi michache bila mchimbaji kujua kwa nini. Wale wataalamu wa iSuppli waliohesabu kila kipuri cha PlayStation 3 hadi senti ya mwisho walihesabu alicholipa kiwanda. Kilicholipwa Masisi hakimo katika orodha ile, wala kisingeweza kuwamo.

Wanazuoni wetu walilijadili suala la bei zamani sana. Inajulikana kwamba bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (s.a.w.) aziweke yeye, naye akakataa, akichelea kumdhulumu yeyote. Lakini alikataza kuhodhi bidhaa, na kuwaendea wenye misafara nje ya mji ili wauze kabla hawajaijua bei ya soko. Tukipima kwa mizani hiyo, Sony kupanga bei yake na kuitangaza wazi si dhuluma, aghali ni aghali, asiyetaka aache. Wale walionunua PlayStation 3 mwaka 2006, na PlayStation 5 mwaka 2020, kwa wingi ili waziuze maradufu kwa wasiozipata, hao wamekaribia sana kuhodhi. Ama yule anayenunua mchanga kwa mtu asiyejua bei yake, tena chini ya bunduki, sisi hatuoni tofauti yake na wa kuiwahi misafara, ila kwamba yeye ni mbaya zaidi.

Vijana wetu watatuambia: hayo ni ya zamani, sisi tununue nini? Kwanza wajue kwamba kanuni ya kungoja imeharibika. PlayStation 5 iliyotoka Novemba 2020 kwa dola 499 haikufuata njia ya mama zake. Agosti 2025, karibu miaka mitano baadaye, Sony waliipandisha Marekani ikawa dola 549. Nintendo Switch 2 ilitoka Juni 2025 kwa dola 449, ilhali ya kwanza ilitoka mwaka 2017 kwa dola 299. Wanaongoja bei ya mashine mpya ishuke nusu kama zamani huenda wakangoja sana. Na Rubaya, ule mlima wa koltani wa Masisi, uliingia mikononi mwa M23 mwaka 2024; kati ya majirani zetu wapya wa Nakivale wamo waliokimbia mapigano ya upande huo.

Tuliwasomea vijana haya kabla ya kuyachapisha. Mmoja, ambaye familia yake ilitoka Masisi, aliuliza kama mashine iliyotumika nayo ina mchanga ndani. Tukamwambia ndiyo, ule ule, ila umekwisha kuchimbwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema basi wachukue zilizotumika. Wamekubaliana PlayStation 4 mbili kutoka duka la mitumba la hapa Mbarara, na sola ndogo kwa zile siku ambazo umeme unakatika. Linalobishaniwa sasa ni nani atashika funguo za kibanda, na kifungwe saa ngapi siku ya Ijumaa.