Nyumba Iliyopimwa kwa Sikio

Nanga ya Wahaya haina sauti kubwa. Aliyeketi karibu na mpigaji husikia kila uzi unavyotikisika, na aliyesimama uani chini ya migomba husikia mnong'ono. Mvua ikianza, huyo wa uani hasikii kitu. Msomaji wa pwani asidhani ni nanga ya jahazi. Hii ni *enanga*, ubao uliochongwa ukaachwa na shimo jembamba mfano wa hori. Juu yake hupitishwa uzi mmoja wa kano za ng'ombe, unaokwenda na kurudi kwenye meno ya ncha mbili za ubao hadi zipatikane nyuzi saba au nane. Mpigaji huipakata, akaitekenya kwa vidole na kuimba juu yake.

Udogo huo wa sauti ndio ulioamua mambo mengi: ukubwa wa chumba, idadi ya wasikilizaji, saa ya kuanza, hata namna watu walivyokaa. Kabla ya vipaza sauti, onyesho la nanga halikuweza kuwa la watu mia tano. Lilikuwa la nyumba moja, jioni moja, kwa watu wanaoweza kuonana nyuso kwa mwanga wa moto.

Kashozi ipo kaskazini mwa mji wa Bukoba, kwenye miinuko ya pwani ya magharibi ya Ziwa Viktoria. Jina lenyewe kwa Kihaya ni kilima kidogo. Vitabu vya historia huitaja kwa sababu ya misheni yake, nasi tutafika huko. Ila kabla ya misheni kulikuwa na msonge, ambao Wahaya huuita *omushonge*, na anayetaka kujua maonyesho ya muziki ya nyumbani yalivyokuwa Buhaya lazima aanzie mlangoni mwake.

Nyumba hiyo ilikuwa ya mviringo, na ezeko lake la nyasi lilishuka toka kileleni hadi karibu na ardhi. Mlango ulikuwa mmoja. Ndani kulikuwa na moto, sehemu zilizotengwa kwa matete, mahali pa ng'ombe na mahali pa wageni. Sakafu ilitandikwa nyasi, na mtu aliingia akaketi juu yake. Yeyote aliyewahi kurekodi sauti ataelewa mara moja maana ya vitu hivyo: nyasi juu, nyasi pembeni, nyasi chini. Hakuna ukuta mgumu wa kurudisha mwangwi. Matone ya mvua yakianguka juu ya ezeko nene hayapigi kelele. Waliojenga msonge walikuwa wakijikinga na mvua ya Bukoba, ambayo kwa mwaka hufikia karibu milimita 2,000, lakini walipata pia chumba kilichomfaa mpiga nanga kuliko kumbi nyingi zilizojengwa baadaye kwa saruji.

Mgeni alipewa buni za kutafuna, zilizochemshwa na kukaushwa. Kwa Wahaya kahawa ilikuwa ya kutafunwa muda mrefu kabla haijawa zao la kuuzwa, na watu wawili walipochanjiana udugu walikula buni mbili za tunda moja, zilizoguswa na damu yao. Kulikuwa pia na rubisi, pombe ya ndizi na mtama, ndani ya kibuyu. Hapo ndipo utendi ulipoanza. Nanga ilibeba hadithi ndefu: habari za Mugasha, mwenye ziwa na tufani, au za shujaa Rukiza, na nyingine nyingi za wafalme na vita vyao. Mwimbaji aliimba, akasema, akarudi kuimba, na waliomzunguka wakaitikia kiitikio. Wengine walidakia, wakauliza, wakasifu. Msikilizaji alikuwa na kazi ya kufanya.

Si kila sanaa ya Buhaya ilikuwa hivyo. Kwenye *ekikale*, yaani ikulu ya Mkama (mfalme), kulikuwa na ngoma na pembe za *amakondere* zilizosikika mbali, na kulikuwa na *ebyebugo*, majigambo ambayo mtu aliyatamka mbele ya mfalme kwa sauti ya kupaa, akitangaza ushujaa na utii wake. Hayo yalihitaji uwanja. Nanga nayo ilipigwa ikulu, ila iliingia ndani, ikamkaribia mwenye nyumba. Wafalme walikuwa na vyote viwili, kelele ya kuwatangaza na sauti ndogo ya kuwasimulia.

Mmoja wa wageni wa mwanzo kuiandika ala hii alikuwa mgonjwa. Mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe kwa mfalme Rumanyika. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda, akamwacha Grant amelala na kidonda kikubwa mguuni. Grant alikaa hapo miezi mitatu zaidi bila uwezo wa kutembea, na huenda kulala huko ndiko kulikomfanya awe msikilizaji mzuri. Katika kitabu chake cha 1864 aliieleza nanga ya nyuzi saba au nane kuwa ala bora kuliko nyingine za nyuzi alizoziona, na akamtaja mpigaji mmoja aliyekuwa bibi kizee, ambaye nyuzi zake zilikuwa zimepangwa karibu kabisa na ngazi ya sauti aliyoizoea Grant kwao. Bibi huyo hakuachiwa jina. Lakini tunajua, kwa ushahidi wa mtu aliyemsikia, kwamba wakati huo mwanamke wa Karagwe alikuwa fundi wa nanga.

Miaka 30 baadaye, Kashozi ikaingia katika historia ya Ukristo. Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana Mengo, na Wakatoliki wakashindwa. Askofu Jean-Joseph Hirth na wenzake wa shirika la Mapadre Weupe wakashuka kusini kuingia himaya ya Wajerumani, ambako Emin Pasha alikuwa amekwisha kuanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Mwaka huohuo wa 1892 misheni ya Kashozi ikaanzishwa, ya kwanza ya Kikatoliki katika nchi hiyo ya Bukoba. Wajerumani waliiita Marienberg, mlima wa Maria.

Kanisa lilikuwa aina nyingine ya ukumbi. Watu wengi walikaa pamoja, wote wakitazama upande mmoja, na waliimba Kilatini. Kiitikio kilikuwapo, tena cha nguvu, ila mwimbaji hakuwa jirani aliyeketi nyasini. Na nanga ilikuwa na jina baya machoni pa wamisionari, kwa vile baadhi ya hadithi zake ziliwahusu Mugasha na mizimu ya *embandwa*, ambayo mapadre walikuja kuipinga. Si haki kusema misheni ndiyo iliyoua nanga, kwani wapiga nanga hodari waliishi na kuimba miaka mia moja baada ya kengele ya kwanza ya Kashozi. Lakini kwa mara ya kwanza kulikuwa na mahali pakubwa pa kukusanyika ambapo nanga haikuwa na nafasi, kwa imani na kwa sauti pia.

Mabadiliko makubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, yaliletwa na kahawa ileile. Ilipogeuka kuwa zao la fedha wakati wa ukoloni, mkulima wa Kihaya aliyeuza vizuri alijenga nyumba ya pembe nne na kuiezeka kwa bati. Lilikuwa jambo la fahari na la akili: bati halivuji, haliozi, halihitaji kuezekwa upya. Ila mvua ya Bukoba juu ya bati haimwachii mpiga nanga nafasi. Jioni ya utendi inayokatizwa na mvua kubwa ndani ya nyumba ya bati ni jioni iliyokwisha. Historia nyingi za sanaa huandikwa kwa majina ya wafalme na wakoloni. Hii nayo inastahili kuandikwa kwa majina ya vifaa vya ujenzi.

Mpiga nanga akahamia kwenye vilabu vya pombe, kwenye arusi, na kwenye kipaza sauti cha mtu mwingine. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mashine za kurekodi, alipita Tanganyika, na miongoni mwa aliyoyanasa ni nanga ya Wahaya. Rekodi zake zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Kisha redio ikachukua baadhi ya sauti hizo na kuzirusha hewani. Msikilizaji wa redio alipata sauti kwa ukamilifu, pengine safi kuliko aliyekaa kando ya moto. Asichoweza ni kuitikia akasikika.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu, na ikulu za Buhaya zikabaki bila mlezi wa sanaa hiyo. Mwaka huohuo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha waraka wa liturujia uliofungua mlango kwa muziki wa mataifa ya misheni. Mtoto wa Bukoba, Laurean Rugambwa, alikuwa tayari kardinali tangu 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kufikia cheo hicho. Ngoma zikaingia kanisani. Nanga ingeweza kuingia pia, ila katika jengo la mamia ya watu ngoma ndiyo inayosikika.

Ruth Finnegan, mtaalamu wa fasihi simulizi, aliandika mwaka 1970 kwamba utendi si fani ya kawaida Afrika. Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alilijibu jambo hilo kwa nanga. Mwaka 1983 alichapisha makala akiuliza kama waimbaji wa nanga ni watunzi wa tendi, na tasnifu yake ya uzamivu ya 1986 ilikuwa juu ya tendi hizo za Wahaya. Wanafunzi wa Kiswahili humfahamu zaidi kwa makala yake ya 1989 katika jarida la Mulika, inayosisitiza kwamba fasihi simulizi haitenganishwi na fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Kwa wengi hiyo ni orodha ya kukariri kabla ya mtihani. Ukiisoma huku ukiikumbuka nanga, inapata uhai. Mahali ni msonge, wakati ni jioni, hadhira ni wale wanaojua kiitikio.

Mulokozi ndiye pia aliyeandika maisha ya Habibu Selemani, mpiga nanga aliyezaliwa karibu mwaka 1929 na kufariki 1993. Makala yake hiyo ya 1997 inamwita wa mwisho wa manju wa nanga. Ni neno zito, na aliyelitamka alikuwa amefanya kazi ya kuwarekodi.

Muziki wa Kihaya haukufa. Mwaka 2001 Saida Karoli, aliyezaliwa kijiji cha Rwongwe, Bukoba Vijijini, alitoa *Maria Salome*, na nchi nzima ikaimba Kihaya bila kukielewa. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliurudisha wimbo huo kwa sura mpya. Jukwaa likawa kubwa kupita ndoto ya ikulu yoyote ya Buhaya.

Majirani wameishughulikia sauti ndogo kwa njia zao. Burundi wana inanga ya kunong'ona: mwimbaji hunong'ona maneno ili nyuzi zisifunikwe, na msikilizaji hulazimika kusogea. Rwanda, Sophie Nzayisenga alifundishwa inanga na baba yake, akaifikisha kwenye majukwaa ya kimataifa, mwanamke mwingine baada ya yule bibi wa Karagwe.

Kashozi ina sebule nyingi za kutosha watu 30. Mwezi Julai mvua hupungua, bati hunyamaza. Kinachotakiwa ili jioni ya nanga irudi ni nyasi kavu za kutandika sakafuni, kikapu cha buni, kiti kimoja kifupi kwa mpigaji, na kipaza sauti kibaki mjini. Watoto wakae mbele kabisa, karibu na ubao. Na kabla ya uzi wa kwanza kuguswa, mzee mmoja anayekumbuka kiitikio akifundishe mara mbili tatu, ili mwimbaji akiita asikute kimya.