Saa Isiyotiwa Ufunguo

Marehemu baba yangu aliacha shamba la kahawa huko Mbozi, nyumba ya bati, na saa moja ya mkono. Shamba tuligawana bila ugomvi mkubwa. Saa nilipewa mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu mkuu, na ndugu zangu walisema mwalimu ndiye anayejua kuchelewa ni kitu gani. Ni saa ya Seiko 5, yenye uso wa buluu na mnyororo wa chuma, na siku za wiki zimeandikwa kwa Kiingereza na Kiarabu. Baba hakujua lugha yoyote kati ya hizo mbili, lakini tarehe aliisoma.

Aliinunua mjini Mbeya mwaka 1977, na asili ya fedha yake ilikuwa mbali sana na Mbeya. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazili, na katika miaka miwili iliyofuata bei ya kahawa ikapanda duniani kote. Msiba wa mkulima wa Parana ukawa neema kwa mkulima wa Mbozi. Wapo walioezeka bati, wapo walionunua baiskeli, na wapo walioongeza wake. Baba alinunua saa. Mama hakufurahi, maana alikuwa amekwisha kuahidiwa cherehani. (Mbozi siku hizo ilikuwa Mkoa wa Mbeya. Tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe, lakini sisi wazee bado tunasema tunatoka Mbeya.)

Ndugu msomaji asidhani kwamba kabla ya hapo watu wetu hawakujua saa. Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891 walileta kengele, na baada ya kengele ya ibada ikaja ya shule na ya kazi. Katika mashamba ya chai ya Tukuyu na Mufindi, na katika machimbo ya dhahabu ya Lupa yaliyoufanya mji wa Mbeya uanze mwaka 1927, mtu alilipwa kwa siku, na siku ilihesabiwa kwa kipande. Aliyekuwa na saa alikuwa ni msimamizi. Mfanyakazi aliisikia tu ikilia kwa sauti ya kengele au king'ora, wala hakuwa na njia ya kuhakikisha kama siku yake haikurefushwa.

Saa za mkono zilizofika vijijini kwetu, nyingi zililetwa na watu wa Wenela, yaani vijana walioandikwa kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Serikali yetu iliukomesha uandikishaji huo baada ya Uhuru. Baba mkubwa alikuwa mmoja wao. Alirudi na sanduku la bati, blanketi mbili, na saa ya kutia ufunguo. Kila jioni, baada ya kula, aliitoa mkononi na kuikaza taratibu kwa vidole viwili, nasi watoto tukinyamaza kumtazama. Ilikuwa kama sala. Usiku akiwa amelewa alisahau, na kesho yake alimwendea mwalimu wa kanisa kuulizia saa, naye mwalimu akajua yote yaliyotokea jana.

Hapa niseme neno juu ya jua letu, kwa sababu katika kufundisha somo la saa lilinisumbua miaka mingi. Waswahili wanahesabu saa tangu mapambazuko, na huko pwani hesabu hiyo inakaribiana na jua lenyewe. Lakini saa rasmi ya Afrika Mashariki iko masaa 3 mbele ya Greenwich, ambayo kwa kweli ni saa ya jua la Mogadishu. Kila nyuzi 15 za longitudo ni saa nzima, na kila uzi mmoja ni dakika 4. Mbeya iko magharibi ya Dar es Salaam kwa karibu nyuzi 6, hivyo jua la adhuhuri hutufikia Mbeya dakika 23 hivi baada ya kuwafikia watu wa Dar es Salaam, na Iringa dakika 14 hivi. Mwezi wa Julai jua huchomoza Mbeya karibu na saa 1 kamili. Nilipokuwa nikifundisha upande wa Mafinga, watoto walifika shule saa 1 wakiwa na umande miguuni na vidole vilivyokufa ganzi, na kitabu kikiwaambia kwamba asubuhi ilianza saa nzima iliyopita.

Kuna na hili la kusoma mshale. Mshale mdogo ukielekea 7, sisi tunasema saa 1. Njia rahisi niliyoipata ni kumfundisha mtoto asome nambari iliyo mkabala na mshale, upande wa pili wa uso wa saa. Wenye akili nyepesi walielewa siku hiyo hiyo. Mkaguzi mmoja alinikemea kwamba nawafundisha watoto kusoma saa kinyumenyume. Nilimwuliza yeye husomaje, naye akacheka.

Sasa, saa ya baba haikutiwa ufunguo. Hilo ndilo lililowashangaza wazee wenzake, na wengine walidhani kuna betri ndani. Hakuna. Ndani yake, nyuma ya magurudumu, kuna kipande cha chuma kizito chenye umbo la nusu duara, kinachoning'inia katikati na kuzunguka kwa uhuru. Mkono ukitikisika, chuma hicho huzunguka, na mzunguko wake huikaza springi kidogo kidogo. Mtu akitembea, anatia saa yake ufunguo bila kujua.

Wazo hilo ni la zamani. Waswisi walitengeneza saa za mfukoni za namna hiyo tangu miaka ya 1770, lakini mfuko wa koti hautikisiki vya kutosha, na saa hizo hazikuenea. Ilibidi kungoja mpaka saa ihamie mkononi. Mwingereza John Harwood, aliyekuwa fundi saa na aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza, aliona kwamba saa nyingi zilizoletwa kwake zimeharibiwa na vumbi na maji yaliyopenya kwenye tundu la ufunguo. Akakusudia kuliondoa tundu lenyewe, na mwaka 1924 akapata hataza ya saa ya mkono inayojijaza. Kampuni yake ilikufa mwaka 1931 kwa mdororo wa uchumi. Mwaka huo huo Rolex wakatoa saa ambayo chuma chake kilizunguka duara zima badala ya kugonga huku na huku. Zilikuwa saa za matajiri. Walioifikisha kwa mkulima ni Wajapani wa Seiko. Mwaka 1959 walibuni wenzo mdogo uliowezesha springi kukazwa chuma kikizunguka upande wowote, kwa vipande vichache na kwa gharama ndogo, na mwaka 1963 wakaitoa Seiko 5. Miaka sita baadaye, Desemba 1969, kampuni hiyo hiyo ilitoa saa ya kwanza ya mkono ya kwozi, yenye betri, iliyokuja kuwafilisi mafundi wengi wa Uswisi. Hata huku kwetu, biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984, saa za betri zikamwagika magengeni kama nyanya.

Mimi nilikuwa na Seiko yangu mwenyewe, niliyoinunua nilipopandishwa cheo. Kengele ya shule yetu ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyotundikwa kwenye mti, na iligongwa kwa saa yangu. Jioni niliilinganisha na Radio Tanzania kabla ya taarifa ya habari. Haikusimama hata siku moja, wala nisingetarajia isimame: asubuhi natembea kwenda shule, mchana nazunguka madarasani, jioni niko na wanafunzi kwenye shamba la shule. Fundi mmoja wa Iringa alinionya nisilime nikiwa nimeivaa, maana kishindo cha jembe huumiza mhimili wa kile chuma kizito. Nilimtii nilipokumbuka.

Ninalotaka kueleza hasa ni mwaka wa mwisho wa baba. Alikuwa amedhoofika, akishinda kwenye kiti barazani akiota jua. Siku moja nilipomtembelea aliniambia, "Mwanangu, saa yangu inasimama usiku." Nikaitikisa, ikaenda. Nikamwambia, "Baba, mbona inakwenda?" Baada ya mwezi akalirudia jambo lile lile, na wajukuu wakacheka kwamba babu sasa haoni mishale. Nikaichukua kwa fundi mmoja, nisiyetaka kumtaja hapa. Alikaa nayo wiki mbili, akaniambia amebadilisha springi, akadai fedha iliyokaribia robo ya mshahara wangu. Nikalipa. Nilimrudishia baba saa yake, na baada ya siku tatu ikasimama tena. Hakuniambia. Mama ndiye aliyeniambia baada ya mazishi, kwamba mzee aliona haya kunitia gharama mara ya pili, akawa anaivaa hivyo hivyo imesimama.

Miaka mingi niliamini kwamba fundi yule alituibia kwa kutoifanya kazi vizuri. Nilikosea. Mwaka 2021 nilipatwa na kiharusi, Mungu akanihurumia, nikabaki na udhaifu wa mkono wa kushoto. Wakati huo saa yangu ilikwisha chakaa, nami nilikuwa naivaa ya baba. Ikaanza kusimama usiku. Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi saa pale Mwanjelwa. Aliifungua, akaitazama kwa lenzi yake, akaifunga. Akaniuliza, "Mwalimu, siku hizi unatembea?" Nikamweleza hali yangu. Akasema, "Basi saa ni nzima, shikamoo yako. Ikijaa inakwenda kama masaa 40. Lakini wewe huijazi." Hakunitoza kitu.

Nilikaa kwenye benchi lake muda mrefu kabla ya kuondoka. Saa ya baba haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa ikituonyesha kwamba mkono wa mzee hautembei tena, nasi tukaipeleka saa kwa fundi badala ya kumpeleka mzee kwa daktari.

Fundi alinishauri niivae mkono wa kulia. Nilijaribu, lakini kufunga mnyororo kwa mkono dhaifu ni kazi ya robo saa, na mkono wa kulia una mkongojo. Saa hizi za zamani haziwezi hata kutiwa ufunguo kwa mkono: kile kifundo chake kidogo, kilichofichwa kwenye saa 4 ya uso wake, ni cha kurekebishia mishale na tarehe tu. Kuitikisa kila asubuhi hadi ijae kunanichosha. Ndipo binti yangu aliyeko Dar es Salaam akaniambia kuna kisanduku chenye injini kinachoizungusha saa usiku, badala ya mkono wa mtu.

Nilifanya uchunguzi kama ninavyofanya siku zote, yaani polepole. Visanduku vya kifahari, vya mbao ya kung'aa, bei yake inazidi ya saa kumi za namna yangu, na yule anayevihitaji hasa ni mwenye saa yenye kalenda ngumu inayochukua nusu siku kuirekebisha. Vya bei nafuu, kati ya shilingi 80,000 na 150,000, vinafanya kazi ile ile ukichagua kwa makini. Niliuliza mambo machache. Kinazungusha mara ngapi kwa siku? Saa nyingi hutosheka na mizunguko kama 650, ambayo ni 27 tu kwa saa moja, tena kwa kupumzika, na kile kinachozunguka mfululizo mchana kutwa kinachosha vyuma bure. Kinazungusha upande gani? Kwa Seiko hili si tatizo, lakini ziko saa zinazojaa upande mmoja tu. Je, kinatumia betri za tochi pia? Sisi tunaujua umeme wetu. Mto wa kushikilia saa ni mdogo wa kuingia kwenye mnyororo wa mkono uliokonda? Na je, injini inanguruma? Hili la mwisho muuzaji hawezi kukuambia ukweli. Lazima ukisikilize mwenyewe usiku.

Tulinunua cha 95,000, cha plastiki nyeusi, kinachotumia umeme na betri. Kinatoa sauti kama panya anayetafuna mbali, na mke wangu amekihamishia sebuleni. Mchana naivaa saa, usiku inalala mle ndani ikizunguka. Haijasimama tangu hapo.

Kitu kimoja mashine haikiwezi. Saa hii inadhani kila mwezi una siku 31. Kwa hiyo tarehe mosi Machi, Mei, Julai, Oktoba na Desemba namwita mjukuu wangu wa darasa la nne, mwenye kucha nzuri, akivute kifundo. Nimemfundisha asiiguse tarehe kati ya saa 3 usiku na saa 10 alfajiri, maana wakati huo magurudumu ya kalenda yameshikana na ukilazimisha utavunja jino. Aliniuliza mshale unapoonyesha 9 ni saa ngapi. Nikamwambia atazame upande wa pili.