Walioanguka Mikarafuuni

Kimbunga cha Aprili 1872 kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, kikaiacha Pemba karibu salama. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao lililoipa Zanzibar jina duniani, na kila msimu watu wake hupanda juu. Karafuu haingojwi ianguke: tumba huchumwa kwa mkono kabla ua halijafunguka, na mkarafuu mkongwe hupita mita 10, matawi yake mepesi kukatika. Mchumaji hulivuta tawi, akajaza pakacha, akasogea nchani zaidi, maana malipo huhesabiwa kwa pishi. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, kazi hiyo ilifanywa na watu mbalimbali, wakiwemo Wapemba wenyewe, watu wa Unguja na Wanyamwezi wa bara. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi ziligawiwa eka tatu tatu, na mwenye shamba akawa ndiye apandaye.

Kuanguka kumo ndani ya historia hiyo yote. Miaka ya karibuni shirika la ZSTC, linalonunua karafuu, limekuwa likiwalipa fidia wachumaji walioanguka, na ni jambo la haki. Mguu uliovunjika kila mtu anauona. Kichwa ni shughuli nyingine. Mtu huzinduka, akarudi nyumbani anatembea na kula vizuri. Miezi inapita, hakumbuki alichoagizwa asubuhi, hawezi kufuata mazungumzo ya watu wawili, neno dogo linamwasha hasira. Jamaa husema amekuwa mvivu, au amechezewa, na njia ya kwa mganga hufunguka.

Sayansi nayo ilichelewa kumwelewa mtu huyu. Kurt Goldstein huko Frankfurt, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na Alexander Luria katika Umoja wa Kisovieti wakati wa vita vya pili, walijifunza kwa askari waliopigwa risasi za kichwa. Mwaka 1956 Sabina Strich alichunguza bongo za watu waliopoteza akili baada ya kugonga kichwa, akakuta nyuzi za neva zimeharibika kote. Mwaka 1974 Teasdale na Jennett wa Glasgow walitunga kipimo cha kupoteza fahamu kwa kutazama macho, kauli na mwendo wa viungo; leo alama zake ni 3 hadi 15. Kipimo hicho kimeokoa wengi, lakini hakisemi kama aliyepona ataweza tena kuhesabu pishi zake.

Ndipo utafiti ukaanza kufuatilia maisha baada ya hospitali. Huko Moshi, Tanzania Bara, hospitali ya KCMC na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walianza mwaka 2013 kuwaorodhesha wenye majeraha ya ubongo, wengi wao vijana wa ajali za barabarani. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya kuvirekebisha kwa Kiswahili cha Tanzania vipimo viwili vya akili, MMSE na MoCA, kwa wagonjwa hao hao.

Hatua hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. MoCA humtaka mtu achore saa, atoe saba mfululizo kuanzia mia. Mzee wa Micheweni, Pemba, aliyesoma chuo cha Kurani tu, asiyezoea kalamu ya shule, anaweza kushindwa ilhali ubongo wake ni mzima. Ndiyo maana jamaa lazima waulizwe: kabla ya kuanguka alikuwa akifanya nini peke yake, na sasa anafanya nini? Hospitali za Chake Chake, Wete na Mkoani zinaweza kuuliza hivyo kila msimu wa karafuu, tena baada ya miezi mitatu na sita, na majibu yakaingia katika faili la fidia pamoja na picha ya mfupa.