"Huku" si "kisha"

Katika maelekezo ya kufuma sweta, neno linaloharibu kazi nyingi ni dogo sana: "huku". Tuchukue sweta ya shingo ya V, kipande cha mbele kikiwa kimefika kwapani na kugawanywa katikati. Karatasi inasema: "Upande wa kwapa punguza kitanzi 1 kila mstari wa 2, mara 6, huku ukipunguza kitanzi 1 upande wa shingo kila mstari wa 4, mara 10." Wengi humaliza kwapa kwanza, ndipo wageukie shingo.

Kwapa huisha mstari wa 12, shingo wa 40. Zikienda pamoja ni mistari 40 tu, na kwenye wa 4, wa 8 na wa 12 unapunguza pande zote mbili. Zikifuatana ni 52. Kwa ufumaji unaotoa mistari 28 katika sentimita 10, mbele itaizidi nyuma kwa zaidi ya sentimita 4, na mabega hayatakutana.

"Kila mstari wa 4" nayo si "kila baada ya mistari 4". Hapo utapunguza kwenye wa 5.

Nawasihi wanaoandika maelekezo haya wasiifiche "huku" katikati ya sentensi. Watangulize: "Kazi mbili zifuatazo hufanywa kwa wakati mmoja." Nawe mfumaji, kabla hujashika sindano, andika namba 1 hadi 40 pembeni ya karatasi, uweke alama ya kwapa na ya shingo kila inapohusika.