Kabla Toronto Haijawajua, Kuku wa Bibi Walishawala

Wale mliosikiliza kipindi chetu kuhusu vyakula tulivyovificha shuleni mmeuliza sana: lile kopo la senene, mwisho wake ulikuwaje? Haya basi.

Nilikuwa darasa la nne, Scarborough. Shangazi alikuwa ametoka Bukoba na senene wa kukaanga, Mama akanifungia kidogo. Nilipofungua kopo, msichana wa meza ya pembeni akapiga kelele, mwalimu akaja mbio, mimi nikarudisha kifuniko. Ndiyo hivyo tu. Sikuwala tena mbele ya watu kwa miaka mingi. Halafu 2018 nikaingia Loblaws na kukuta unga wa nyenje umepangwa kwenye rafu, pakiti safi, bei ya juu. Mama aliucheka mpaka akakaa chini.

Lakini leo sitaki kuzungumzia watu. Nataka kuzungumzia kuku, na hasa mafuta.

Mtu yeyote aliyekulia Kagera anajua kwamba senene hawatiwi mafuta kwenye kikaango. Unawanyonyoa mabawa na miguu, unawaweka motoni, wanajikaanga wenyewe. Maabara zimekuja kupima: senene mkavu, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Kumbikumbi nao hivyo hivyo. Ndiyo maana mvua ikinyesha na kumbikumbi wakatoka, kuku wa kienyeji huchanganyikiwa. Watoto wanakimbilia, kuku wanakimbilia, na mara nyingi kuku hushinda. Hakuna aliyeita jambo hilo teknolojia. Ilikuwa ni mvua tu.

Sasa huku. Mwaka 2016 shirika la ukaguzi wa chakula la Kanada, CFIA, liliiruhusu kampuni ya Enterra, ya kule karibu na Vancouver, kuuza mabuu makavu ya nzi askari mweusi kama chakula cha kuku wa nyama. Ilikuwa mara ya kwanza nchini. Nilipoisoma habari hiyo nilikasirika kidogo, yaani kuku ale mdudu kwa kibali? Baadaye nikaelewa. Serikali za huku ziliungua vibaya na kichaa cha ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wakilishwa unga wa mifupa na nyama za ng'ombe wenzao, na ugonjwa ukapita humo. Kanada ilipiga marufuku hilo mwaka 1997, na Mei 2003 bado ng'ombe mmoja wa Alberta alikutwa nao, masoko ya nje yakafungwa karibu usiku mmoja. Baada ya hapo, kitu chochote cha asili ya mnyama kwenye chakula cha mifugo kinatazamwa mara mbili.

Mafuta yenyewe yana hadithi yake. Mabuu ya nzi huyu, yakikaushwa, mara nyingi robo hadi theluthi ya uzito ni mafuta. Ukiyaacha yote humo, unga huchacha upesi na mashine hushindwa kuusaga vizuri. Kwa hiyo hukamuliwa, kama alizeti, na kinachobaki ni mashudu yenye protini. Zamani kidogo wenye viwanda waliyaona mafuta hayo kama mabaki. Kumbe ndiyo yenye maajabu. Sehemu kubwa yake ni asidi ya lauriki, ileile iliyojaa kwenye mafuta ya nazi, na ambayo huwasumbua baadhi ya bakteria wa tumboni. Mtu wa Tanga angecheka: mdudu wa jalalani ana tui ndani yake!

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Turin, Italia, waliondoa mafuta ya soya kwenye chakula cha kuku wa nyama na kuweka ya nzi huyu. Kuku wakakua vilevile. Ila nyama yao ikawa na mafuta magumu zaidi, na hilo wasemaji wa makampuni hulipitia haraka haraka.

Sasa kipande ambacho hatukifundishwi, si shuleni wala nyumbani. Mwaka 1970 Thomas Odhiambo, Mkenya aliyesomea wadudu Cambridge, alianzisha icipe jijini Nairobi, kituo cha utafiti wa wadudu kinachoendeshwa Afrika. Mwaka huohuo, Ottawa, bunge la Kanada liliunda IDRC, shirika la kugharimia utafiti katika nchi zinazoendelea. Miaka 44 baadaye wawili hao walikutana kwenye mradi wa INSFEED, ulioanza 2014 kwa fedha za Kanada na Australia, kutafuta namna ya kulisha kuku na samaki wa Kenya na Uganda kwa wadudu. Kodi za wazazi wetu, zile za zamu za usiku na usafi wa maofisi, zimo humo. Mwaka 2017 Kenya na Uganda zikapitisha viwango vya wadudu wakavu kwa chakula cha mifugo.

Sababu yake ilikuwa dagaa. Omena kwa Kenya, mukene kwa Uganda, samaki yuleyule mdogo wa Ziwa Victoria. Viwanda vya chakula cha kuku humnunua kwa magunia, na mama mwenye sufuria hushindana naye bei. Kila gunia la mabuu linaloingia kiwandani ni dagaa aliyebaki sokoni. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote, nzito kuliko mazingira yanayotajwa kwenye matangazo ya huku.

Wapo watakaosema wazungu wametuibia. Sidhani. Nzi askari mweusi mwenyewe ni mwenyeji wa Amerika, bibi zetu hawakumfuga, wala hawakukamua mafuta yake. Walichojua ni kwamba mdudu mnono humnenepesha kuku, na mimi nilichojua ni kuona haya. Dar es Salaam kuna kampuni inayofuga nzi hao kwa mabaki ya vyakula, inaitwa Biobuu. Buu! Wameliweka neno lenyewe kwenye jina, bila haya.

Jumapili nilimpigia Bibi, nikamweleza yote, kuanzia Vancouver mpaka Turin. Alinisikiliza kwa subira. Kisha akauliza, "Na hao mabuu, mjukuu wangu, wao wanalishwa nini?"

Nikasema inategemea: mabaki ya matunda, mboga, pumba.

"Na mabaki ya hapo kwenu?"

Nikamwambia sisi tuna pipa la kijani. Lori hupita kila wiki, yanapelekwa Disco Road au Dufferin, yanaozeshwa, yanatoa gesi.

"Na kuku?"

Sisi hatuna kuku, Bibi.

"Aa," akasema, na akaniuliza kama kuna baridi.