Miche ya kienyeji: kazi ya wanaojitolea kwenye milima ya Kivu

Katika vijiji vingi vya Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini kuko watu wanaotunza pepinieri, ni kusema bustani ya miche, bila mshahara: wamama, vijana, wanafunzi, watu wa kanisa. Wengi wanaotesha mikalitusi na grevilea, miti iliyotoka Australia. Wengine wamechagua miti ya kwetu, kama vile Prunus africana, Markhamia lutea na Erythrina abyssinica. Hii ya pili inaomba uvumilivu zaidi.

Kwa nini miti ya kienyeji?

Mkalitusi unakomaa mbio. Baada ya miaka 5 mpaka 7 unatoa fito na makala, njo maana familia zinaupenda. Lakini kilima chenye mikalitusi peke yake kinakatwa kila mara, na hakirudii kuwa pori.

Mwezi wa tano 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo huko Bushushu na Nyamukubi, katika teritware ya Kalehe, yaliua watu zaidi ya 400. Miti haizuii kila poromoko, mvua ikizidi. Hata hivyo mizizi inashika udongo, na majani yanapunguza nguvu ya matone. Kwa hiyo miti ya kubaki mlimani miaka mingi iko na faida yake.

Mbegu inatoka wapi?

Hapa njo kuko shida. Gome la Prunus africana linauzwa ng'ambo kwa dawa ya tezi la wanaume, na tangu 1995 biashara yake inasimamiwa na mkataba wa CITES. Mti ukichunwa gome kuzunguka shina lote, mara nyingi unakufa. Mti mama ukikufa, hakuna mbegu.

Tena mbegu zake hazikai sana. Wanaojitolea wanapaswa kujua mti mama uko wapi, kuufuata matunda yakiiva, kuondoa nyama ya tunda na kupanda ndani ya wiki chache. Zikichelewa ndani ya mfuko, nyingi hazioti.

Erythrina iko tofauti: mbegu yake iko na ngozi ngumu, inakwaruzwa ao kuloweshwa kwanza. Inaota pia kwa kukata tawi na kulisimika. Markhamia ni nyepesi. Maganda yanachumwa mbele ya kupasuka, upepo usibebe mbegu. Kwa kila aina, ni vizuri kuchuma kwenye miti mingi, si mmoja tu.

Kiangazi cha kwanza

Mbele ya kupanda, kivuli na maji vinapunguzwa pole pole kusudi mche uzoee jua. Kisha unapelekwa mlimani mvua zinaporudi, kuanzia mwezi wa tisa, ili mizizi ishuke mbele ya kiangazi cha mwezi wa sita.

Miche mingi inapotea hapo: mbuzi, moto wa mashamba, majani yanayoifunika. Siku ya salongo watu wengi wanakuja kupanda. Siku ya kupalilia wanabaki wachache. Kwa hiyo hesabu ya kweli haiko ile ya miche iliyogawiwa, ni ile iliyo hai mvua za pili zikianza. Kundi linalotaka kuanza lijiulize mambo mawili: mti mama uko wapi, na nani atarudia mlimani mwaka kesho?